Nafasi Iliyoachwa Kwenye Kibao cha Namkoto

Neema na wenzako wa karakana,

Wiki yangu ya mwisho kazini uliniletea orodha ya vibao vya mitaa visivyo na faili, ukaniuliza kama navijua. Vingi nilivijua, nikakueleza palepale. Tulipofika kwenye kile cha kichochoro cha Mchafukoge, chenye neno MSHAIRI lililokaa pembeni kulia na kushoto kwake hamna kitu, nilikwambia macho yananiuma, tutazungumza siku nyingine. Ukacheka, ukasema, "Mzee Mbwana, fundi aliyeandika hiki alikuwa amelewa nini? Mwezi ujao tunakibandua, tunaweka cha stika, maneno yakae katikati."

Fundi huyo ni mimi, na sikuwa nimelewa. Tangu siku ile sina raha. Kila asubuhi najiuliza kama mmeshakipandia ngazi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa mkono wangu umezoea brashi.

Habari za vyeo na mishahara hazimo humu. Zimo kwenye faili langu, na hazijazi ukurasa.

Nilianza kazi miaka ya Ujamaa, nikiwa nimetoka upande wa Lindi na shati moja la heshima. Barua iliyoniingiza karakana iliandikwa na diwani wetu, Mzee Issa Namkoto. Naye alikuwa mtu wa kusini, lakini Kariakoo ilikuwa imeshamlea hata lafudhi ikamtoka. Watu walimjua kwa mambo mawili: udiwani, na mashairi yake yaliyotoka gazetini na kusomwa redioni. Akipita sokoni, huyu alimsimamisha amlalamikie bomba lililokatika, yule alitaka beti mbili za harusi ya binti yake. Aliwajibu wote kwa pamoja, huku akihesabu mizani kwa vidole nyuma ya mgongo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Aloyce, Mkristo kutoka Kilimanjaro, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba, akanipa kopo la brashi chafu, na kwa mwezi mzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Mwezi wa pili alinipa fimbo ya kuegemezea mkono, ile yenye kitambaa kichwani, na uzi wa chaki. Alinifundisha kuhesabu herufi za mstari mzima, kutafuta ya katikati, na kuanza na hiyo, halafu kwenda kulia na kushoto kwa zamu. "Anayeanza mwanzoni," alisema, "huishia ukingoni." Mpaka leo nikiona maneno yamebanana mwisho wa kibao, mkono unatafuta brashi.

Alikuwa na sheria mbili nyingine zisizo kwenye kitabu chochote cha ufundi. Ya kwanza, neno marehemu haliandikwi kwa mtu usiyemhakikisha kuwa amekufa, maana ni uchuro. Ya pili, jina la mtu likishaandikwa halifutwi. Linaachwa lichakae lenyewe kwa jua na mvua. Nilimuuliza kama kweli anaamini uchuro. Akasema yeye ni mtu wa kanisani, haamini, ila hajawahi kuona sababu ya kuujaribu.

Kazi ilikuwa nyingi na rangi chache. Tuliandika mabango ya kilimo, mabango ya elimu ya watu wazima, na kila mwaka tuliandika kibao cha kuwakataza watu kujenga bondeni Jangwani. Mvua ya kwanza ilichukua kibao, nyumba zikabaki. Tukaandika kingine.

Mwaka wangu wa tatu, Mzee Namkoto aliugua mapafu, akalazwa. Wodini walimhamisha kitanda asubuhi bila kumwambia mtu. Shemeji yake alipofika na chupa ya chai akakuta kitanda kitupu, shuka limekunjwa, na hakuuliza. Alianza kulia hapohapo, na kilio kikatangulia kufika Kariakoo kabla yake. Saa nne wanawake wa sokoni walikuwa wameshajifunga khanga viunoni wakielekea kwake. Msimamizi wetu wa karakana aliingia akihema.

"Namkoto ametutoka. Mazishi ni leo alasiri, na wakubwa watakuja. Nataka kibao cha mtaa wake kiwe kimesimama kabla jeneza halijapita."

"Nani kathibitisha?" aliuliza Fundi Aloyce.

"Mji mzima unalia, wewe unataka cheti?"

Fundi Aloyce aliosha mikono, akasema yeye ana bango la pamba la kumalizia. Kwa hiyo kazi iliniangukia mimi. Nilichukua bati nene la mwisho tulilokuwa nalo, nikavuta uzi, nikahesabu herufi, nikaandika mistari mitatu:

MTAA WA MAREHEMU
ISSA NAMKOTO
DIWANI NA MSHAIRI

Niliandika nikilia, maana bila barua yake ningekuwa nabeba magunia. Na nitasema kweli: sijawahi kuandika herufi nzuri kama zile, kabla ya hapo wala baada yake. Hata Fundi Aloyce alikuja kusimama nyuma yangu, akatikisa kichwa mara moja. Sikujua kama anasifu au anasikitika.

Saa tisa msimamizi alirudi mbio. Mzee Namkoto alikuwa wodi ya jirani, ameamka, na alikuwa ameomba uji.

"Kifute," alisema. "Mbwana, kifute sasa hivi."

Nilichovya kitambaa kwenye tepentaini. Fundi Aloyce akanishika mkono.

"Unafuta jina la mtu aliye kitandani hospitali? Ukilifuta akafa, utasema nini?"

"Na nikiliacha?"

"Ukiliacha akafa, pia utasema nini?"

"Sasa nifanye nini, fundi?"

"Nilikwambia usiandike?"

"Hukuniambia."

"Basi tuna makosa wote wawili," akasema, akarudi kwenye pamba yake.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipozaliwa, na haujafa mpaka leo. Kibao kikiwepo ni uchuro, kikifutwa ni uchuro. Nilikichukua kingali kibichi, nikakisimamisha nyuma ya benchi refu la wageni, uso ukielekea ukutani. Tulikubaliana sisi watatu kwamba hakipo.

Mzee Namkoto alipona. Msimamizi akahamishiwa Dodoma, Fundi Aloyce akastaafu akarudi kwao. Nilibaki peke yangu na bati lile. Na mnajua Mzee alipenda kukaa wapi kila Ijumaa akitoka msikitini? Alikuja kuangalia mabango, akakaa kwenye benchi lile lile, akaegemeza mgongo wake mzima pale, kidole kikihesabu mizani juu ya goti. Akikohoa mara moja, mimi nilisimamisha brashi. Akikohoa mara mbili, niliharibu herufi. Siku moja aliniuliza:

"Mbwana, mbona kila ukiniona unatoka jasho?"

"Joto, Mzee."

"Mwezi wa saba huu."

"Ni hizi rangi, Mzee. Zina moto."

Alinitazama, akaguna, akaendelea kuhesabu. Nilidhani siku nikikamatwa nitaambiwa nilimtakia kifo mtu aliyenipa kazi, na nisingekuwa na la kujitetea, kwa sababu mwandiko ni wangu.

Hali ilidumu hivyo kwa miaka sita. Kisha ukaja ule wakati wa kukusanya watu wasio na kazi mjini na kuwarudisha vijijini kulima. Wazo lenyewe lilikuwa na watetezi wake, na wengine walikuwa watu wema. Lakini waliokusanya hawakuuliza sana. Walibeba na kina mama waliouza mchicha pembeni mwa soko, na matenga yao. Katika kikao cha madiwani Mzee Namkoto aliombwa, kama kawaida yake, afungue kwa beti mbili za kuwatia watu moyo. Alisimama akasema mistari miwili tu:

Mama na mchicha wake, mwamwita mzururaji,
Jioni mwala wa kwake, ndipo ni mtu wa mji?

Akakaa. Waliokuwepo wanasema mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akageuza akawa anaua mbu.

Hakufungwa. Hakuna aliyempandishia sauti. Udiwani tu ulipata mwenyewe mwingine. Redio ikawa haina nafasi ya mashairi yake, na gazeti likawa halina karatasi, ingawa lilitoka kila siku. Waliozoea kumsimamisha njiani waligundua njia nyingine za kufika sokoni.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilimwona akija Mtaa wa Msimbazi na kikapu chake, mimi nimevaa ovaroli ya kazi, na nikafikiria: nikionekana naye, wataingia karakana, wataangalia nyuma ya benchi. Nikaingia duka la khanga nikaanza kuuliza bei. Wakati ule sikuwa hata na mke. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Hakuniita. Aliinua kikapu kidogo, namna ya kusalimu, akapita. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile bado inanichoma.

Ikapita miezi. Siku moja ya mvua, saa sita mchana, nilikuwa peke yangu karakana.

"Hodi humu."

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, Mbwana. Leo hutoki jasho?"

Lilikuwa linanitoka. Alikuwa amekonda, shati limemwagika mabegani. Hakukaa. Alishika ncha ya benchi akalivuta.

"Shika huku, fundi. Zito hili."

"Mzee, hilo benchi..."

"Shika."

Tukalivuta. Akaingiza mkono, akakitoa kibao, akakigeuza, akapangusa vumbi kwa kiganja. Nilikaa chini sakafuni, kwenye rangi.

"Msimamizi wenu alikuja kunililia kabla hajaenda Dodoma," alisema. "Akataka aje akichome moto. Nikamwambia anyamaze, nitakilinda mwenyewe. Nimekikalia miaka sita, Mbwana, nikikutazama unavyotetemeka."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha. Nilikuwa napata raha. Wanaoogopa nisije nikafa si wengi, na sasa wamepungua zaidi."

Nilitaka kumwomba radhi kwa habari ya duka la khanga. Nikaanza kusema, "Mzee, siku ile..." Nadhani alielewa, maana alinipungia mkono kama mtu anayefukuza nzi, akaanza kusoma kibao kwa sauti, mstari kwa mstari, akitoa mdundo. Akafika mwisho.

"Nipe kisu cha kukwangulia."

"Mzee, jina halifutwi. Fundi Aloyce alinifundisha."

"Alikufundisha vizuri. Jina silifuti. Nipe kisu."

Nilimpa. Akalaza kibao mezani, akaanza kukwangua DIWANI NA. Rangi ya mafuta ya miaka sita ilikuwa imeshakuwa ngumu kama mfupa. Mkono wake ulikuwa dhaifu, kisu kiliteleza, akawa anapumzika kila baada ya herufi. Nilisimama nikamwambia aniachie mimi, kwangu ni kazi ya dakika kumi.

"Hapana. Ukigusa wewe, itakuwa kazi ya karakana, na watakuuliza. Mimi hawana tena cha kuniuliza."

Ilimchukua mpaka adhana ya alasiri. Alifikia N, akakohoa, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Alipomaliza, alipuliza vumbi la rangi, akapitisha msasa, akakaa nyuma kukitazama. Mstari wa tatu ulikuwa umebaki na neno moja, limesukumwa pembeni, na kushoto kwake bati tupu.

"Kile cheo walinipa wao, wamekichukua, ni chao," alisema. "Hili jingine sijui nani alinipa. Basi liache."

Mimi ni fundi, Neema. Hata pale, machozi yakinitoka, nilikuwa naona kibao kilichopinda.

"Mzee, niliandike upya katikati. Litapendeza zaidi."

"Usiliguse. Mtu akiuliza kwa nini limekaa pembeni, angalau ameuliza."

Tukakirudisha nyuma ya benchi. Akakaa benchini, akaegemea, akaomba maji. Wiki iliyofuata alikuja, na iliyofuata pia. Nilianza kumsindikiza mpaka kwake, kupitia Mtaa wa Msimbazi, mchana, na ovaroli yangu. Niliogopa kila hatua. Ila nilikwenda.

Alifariki mwaka uliofuata. Safari hii nilikwenda mwenyewe hospitali nikamwona uso, maana mambo ya vitanda vitupu sikuyaamini tena. Wakubwa hawakuja. Walikuja watu wa kusini, majirani, na wanawake wa mchicha ambao walikuwa wamesharudi mjini, kila mmoja kwa njia yake. Hapakuwa na hotuba, na wala gazeti halikupata nafasi.

Nilingoja arobaini ipite. Siku ya pili yake nikavaa ovaroli, nikabeba ngazi, nyundo, misumari ya zege na kibao, nikaenda kichochoroni kwake saa tano asubuhi. Sikuwa na barua, sikuwa na namba ya kazi, na mfukoni nilikuwa na sala zote ninazozijua. Nilikuwa nimepigilia msumari wa pili niliposikia chini yangu:

"Wewe fundi! Nani kakutuma?"

Alikuwa mgambo, kijana, na fimbo mkononi. Nilitafuta uongo nikaukosa.

"Karakana," nikasema.

Akasoma kibao kwa sauti, polepole. Alipofika MSHAIRI akainua macho kwangu. Nikashika ukuta. Nilikuwa nahesabu itachukua muda gani kufika kituoni, na nani atawaambia nyumbani.

"Ngazi yako inacheza," alisema. "Utaanguka."

Akaweka fimbo chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili mpaka nikamaliza misumari yote. Nilipotelemka alichukua fimbo yake akaondoka. Sijui alikuwa nani. Labda mama yake aliuza mboga, labda hakujali tu.

Kwa miezi mingi kila gari lililosimama nje ya karakana niliona limenifuata mimi. Halikuja lolote. Badala yake, siku moja nilisikia mwenye duka la jumla akimwelekeza mteja: ukitoka hapa, ingia kwa Namkoto. Barua zikaanza kuandikwa hivyo. Watoto wakazaliwa hapo wakakua wakijua wanakaa kwa Namkoto, na wengi hawajui Namkoto alikuwa mtu. Ndiyo maana hamtapata faili, hata mkipekua makabati yote. Mtaa huo ulipewa jina na ngazi moja na nyundo.

Nimekipaka upya mara tano, kila mara kwa mkono wangu, kila mara nikiacha ile nafasi wazi. Wasimamizi wamepita wanane. Wengine walisimama chini yake wakipiga simu. Hakuna hata mmoja aliyesema kitu, nami niliogopa wasije wakasema, na nikaogopa zaidi kwamba hawatasema kamwe.

Mpaka wewe, Neema. Wewe ndiye wa kwanza. Uliuliza fundi alikuwa amelewa nini, na mimi, baada ya kungoja swali hilo maisha yangu yote ya kazi, nikasingizia macho.

Sasa nimekujibu. Ikibidi mkibandue, kibandueni. Chuma kimechoka, na mashine yenu ya stika inakata herufi vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Uzi wangu wa chaki uko kwenye droo ya kushoto. Uchukue upime kabla hamjakitoa ukutani. Kushoto kwa MSHAIRI kuna nafasi ya herufi nane. Yeye mwenyewe aliikwangua. Iacheni.